Jina Lako Mtandaoni Ni la Nani?

Mimi ni wakili wa alama za biashara, yaani majina na nembo zinazotambulisha bidhaa ni ya nani. Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya wafanyabiashara wanaouza mtandaoni. Wengi mliokuwa safarini au mlioshindwa kufunga duka mliniomba niiweke nzima. Hii hapa, kama nilivyoizungumza, bila zile picha za ukutani.

Mwenyekiti wetu, mama zangu, kaka zangu, dada zangu, assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kuniita, na nawashukuru zaidi kwa kuja siku ya Jumamosi, maana najua Jumamosi kwa mtu wa oda ni siku ya pesa.

Niombe mikono. Wangapi humu wana cheti kutoka BRELA, ofisi ya serikali inayosajili biashara Tanzania Bara? Naona karibu ukumbi wote. Hongereni, shusheni. Sasa swali la pili: katika nyinyi, nani ana hakika kwamba cheti chake ni cha alama ya biashara, si cha jina la biashara? Naona mikono mitatu. Minne.

Basi muda wangu mwingi nitautumia kwa wale ambao mikono yao imebaki mapajani. Siwalaumu. Jambo hili hakuna aliyetufundisha shuleni. Umejaza fomu, umelipia, umepewa karatasi ya serikali yenye jina lako juu yake. Kwa nini usiamini kwamba jina limekuwa lako?

Kuna mama mmoja ameniruhusu nisimulie habari yake mradi nisimtaje. Anatengeneza viungo vya pilau na achari ya embe. Alianza na ndoo moja jikoni kwake, akiuzia majirani, kisha WhatsApp, kisha Instagram, mpaka akawa anatuma makopo Dodoma na Mwanza kwa basi. Asubuhi moja alikuja ofisini, akaniwekea simu mezani. Kulikuwa na kurasa mbili. Jina lilelile, ila la pili limeongezewa nukta na herufi mbili mwishoni. Picha zilezile. Mojawapo ilikuwa ya mkono umeshika kopo la achari, na kwenye kucha kulikuwa na hina iliyoanza kuisha. Akaniambia, "Mwanangu, mkono huu ni wangu. Hii hina ya harusi ya mdogo wangu."

Wateja walikuwa wanatuma hela kwenye ule ukurasa wa pili. Mzigo hauji. Wakisubiri wiki, wanamtafuta mwenye jina, wanamkuta yeye, wanamtukana yeye. Mtu ameibiwa hela na mwizi, lakini aliyeitwa mwizi ni mama huyu.

Alikuwa amekwisha kujaribu kuripoti. Fomu ilimwuliza: alama yako imesajiliwa nchi gani, na namba ya usajili ni ipi? Akaandika namba ya kile cheti chake, cheti cha jina la biashara. Ikakataliwa. Akaandika tena. Ikakataliwa tena. Alidhani mtandao unamdharau kwa sababu ni Mtanzania. Nilimwambia hapana, mama, wanakuuliza karatasi nyingine.

Ndugu zangu, tuelewane hapa. Jina la biashara linaieleza serikali nani yuko nyuma ya duka. Usajili wa kampuni unaanzisha kampuni. TIN ni ya kodi. Leseni inakuruhusu kufanya biashara. Vyote hivyo unavihitaji, na hakuna hata kimoja kinachokupa haki ya kumzuia mwingine asiweke jina lako kwenye kopo lake. Haki hiyo inatoka kwenye usajili wa alama ya biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Ofisi ni hiyohiyo ya BRELA, ndiyo maana watu wanachanganya. Ofisi moja, vyeti viwili tofauti. Nirudie? Ofisi moja, vyeti viwili tofauti.

Mtaniuliza, asiyesajili hana haki kabisa? Anayo. Anaweza kumshtaki mtu anayeuza kwa kujifanya ni yeye. Lakini itabidi athibitishe mahakamani kwamba jina lake linajulikana, kwamba wateja wamedanganywa, na kwamba ameumia. Mashahidi, risiti za miaka, picha, barua. Mwenye cheti cha alama anaanza kesi akiwa amekaa. Asiye nacho anaanza akiwa amebeba mzigo kichwani.

Kwa mama yule tulifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa la haraka. Zile picha alikuwa amezipiga mwenyewe, ile ya hina aliipiga kwa mkono wa kushoto. Mpiga picha ana hakimiliki ya picha yake tangu dakika ile anapoipiga, haidai cheti. Tukalalamika kwa njia ya hakimiliki, ukurasa ukaondolewa. Akafurahi sana. Siku tatu baadaye ukafunguliwa mwingine, jina lilelile, safari hii na picha za makopo zilizotolewa kwingine. Hakimiliki yetu ikawa imefika mwisho wake, kwa sababu hakimiliki inalinda picha, na walichokuwa wanakiiba ni jina.

La pili ndilo lililomsaidia: tukaomba usajili wa alama.

Hapa niwaambie wakili wa alama anafanya nini hasa, maana wengi mnadhani kazi yake ni kuandika barua kali. Barua ni sehemu ndogo. Kazi kubwa iko mwanzoni, kabla hujachapisha lebo elfu tano. Wakili anapekua daftari la usajili kuona kama kuna jina linalofanana na lako. Hatafuti tu lililoandikwa vilevile. Anatafuta linalosikika vilevile, kwa sababu mteja wa simu hasomi herufi, anasikia. Ukibadilisha K kuwa C au ukaongeza H, sikioni ni jina lilelile.

Kisha anakwambia ukweli ambao hutapenda kuusikia. Ukiita sabuni yako "Sabuni Safi", hujaipa jina, umeieleza. Kila mwenye sabuni ana haki ya kusema yake ni safi. Ukiita kahawa yako "Kahawa ya Kilimanjaro", na yule mkulima wa Moshi jirani yako aseme nini? Maneno yanayoeleza bidhaa au mahali inapotoka ni magumu kusajili, na ni haki yawe magumu, kwa sababu ni ya wote. Nimewahi kumwambia kijana abadilishe jina wakati ameshabandika bango mlangoni. Aliondoka amenuna. Ningemwambia "sawa tu" angeondoka anacheka, na angekuja kulia baadaye.

Halafu kuna madaraja. Alama haisajiliwi hewani. Inasajiliwa kwa bidhaa au huduma fulani, na dunia imezigawa bidhaa na huduma katika madaraja 45: 34 ya bidhaa, 11 ya huduma. Viungo na kahawa viko daraja la 30. Nguo na viatu, 25. Sabuni na vipodozi, 3.

Mnakumbuka kelele za mwaka 2018 kuhusu "hakuna matata"? Watu walisaini malalamiko kwa maelfu kwamba Disney, kampuni ya filamu ya Marekani, imeiba Kiswahili kwa kuyasajili maneno hayo. Nilikasirika na mimi. Ni maneno yetu, tumelelewa nayo. Lakini kama wakili nililazimika kufungua usajili wenyewe nikausoma. Disney iliomba mwaka 1994, ikasajiliwa Marekani mwaka 2003, kwa ajili ya fulana. Fulana, na huko Marekani. Haimzuii bibi yako kusema hakuna matata. Haimzuii mwenye hoteli ya Nungwi. Ila Mtanzania aliyeko Marekani akitaka kuuza fulana za "hakuna matata" mtandaoni, huyo atapata shida, na hilo si dogo. Neno limetoka kinywani mwetu, na la kuuzia fulana kule lina mwenyewe.

Mnaona sasa kwa nini nauliza kila mara, jina ni la nani? Najua kwa moyo wako ni lako. Nauliza kwenye daftari ni la nani, kwa bidhaa gani, kwa nchi gani?

Maana alama ina mipaka ya nchi. Tena kwetu ina mpaka mwingine wanaousahau hata watu wenye makampuni makubwa: cheti cha BRELA hakivuki maji. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya usajili, BPRA. Ukiuza Kariakoo na Darajani, unahitaji vyeti viwili. Ukiuza Nairobi, kuna KIPI, ofisi ya usajili ya Kenya. Ukituma Muscat, ni Oman. Instagram inafungukia kila mahali lakini cheti chako hakifungukii kila mahali. Anzeni na pale mnapouza sasa na pale mnapotarajia kuuza karibuni, msijitwike dunia nzima.

Turudi kwa mama. Maombi yakikubaliwa na msajili, yanatangazwa kwenye jarida la ofisi ya usajili, na kwa siku 60 yeyote anaweza kupinga. Siku 60 hizo zina pande mbili. Upande mmoja unasubiri kwa wasiwasi kuona kama kuna atakayekupinga. Upande wa pili, wewe mwenye cheti unapaswa kulisoma jarida hilo kila linapotoka, au wakili wako alisome, kuona nani anaomba jina linalokaribia lako. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno KIKOY kule kwao. Kikoi! Kitambaa ambacho babu zetu wa pwani walijifunga kabla ombi hilo halijaota. Wafumaji na wauzaji wa Kenya wangeweza kujikuta wanashindwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina la kikoi. Palikuwa na watu walioona tangazo, wakapeleka pingamizi, na maombi yakaja kuachwa. Ingekuwaje kama hakuna aliyesoma?

Alama ya mama ilipita. Usajili wa kwanza kwa Tanzania Bara ni wa miaka 7, halafu unahuishwa kwa miaka 10, na 10, na 10. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, wakati viungo vinakwenda sana, ukaibuka ukurasa mwingine. Alijaza ile fomu mwenyewe: nchi, namba, nakala ya cheti. Ukaondolewa. Mimi nilikuja kujua baadaye sana, aliponiletea kopo la achari.

Sasa, mwizi akitokea kesho, cheti unacho, unafanya nini kwanza? Najua mnachofanya. Mnamwingilia inboksi, "wewe mwizi nimekuona". Akishakuona anafuta kila kitu, na wewe huna ushahidi. Usimwambie lolote. Piga picha za skrini, ukurasa mzima, kiungo chake chote kionekane, tarehe na saa zionekane. Kisha mwombe mtu mwingine aagize kitu kidogo. Anapotuma hela, kabla hajathibitisha, simu inaleta jina la mwenye laini. Hapo! Piga picha hapo. Mtu aliyejificha nyuma ya jina lako ametokeza jina alilosajilia laini. Mzigo ukifika, hifadhi kifungashio na risiti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini mahakama itauliza umetunzwa vipi, kwa hiyo usikate picha, usiandike juu yake, acha ile simu kama ilivyo.

Kwa mkusanyiko huo wakili anaweza kuchagua njia. Malalamiko kwa mtandao wenyewe. Barua ya madai. Polisi, kama watu wamelizwa hela. Tume ya Ushindani, FCC, kama kuna bidhaa bandia ghalani. Mahakama mwisho, kwa sababu mahakama inakula muda na wewe unakula kwa siku.

Majina ya tovuti yana njia yake, na ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwezi Oktoba 1999 mtu mmoja huko Marekani alinunua jina la worldwrestlingfederation.com. Siku tatu baadaye aliiandikia kampuni ya mieleka, World Wrestling Federation, kwamba yuko tayari kuwauzia kwa dola 1,000. Ndiyo ilikuwa kesi ya kwanza chini ya utaratibu ambao ICANN, wanaoratibu majina ya tovuti duniani, walikuwa wameuweka mwaka huohuo. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, likaamua Januari 2000: rudisha jina. Mlalamikaji anatakiwa aonyeshe mambo matatu. Jina la tovuti linafanana na alama yake. Aliyelinunua hana haki nalo wala sababu ya haki. Na amelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Hakuna kusafiri, yote kwa maandishi. Majina ya .tz nayo yana utaratibu wake.

Lakini ada ya WIPO kwa kesi ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500, na bado hujamlipa wakili. Jina lenyewe ungelinunua mapema kwa hela ya chakula cha familia. Linunueni leo, hata kama tovuti mtajenga mwakani.

Na kampuni hiyohiyo ya mieleka iliyoshinda, mwaka 2002 ililazimika kuacha jina lake. Herufi WWF zilikuwa pia za Mfuko wa Uhifadhi wa Mazingira, wenye alama ya panda, uliokuwepo tangu 1961. Mwaka 1994 pande mbili zilitia saini mkataba wa kupunguza matumizi ya herufi hizo. Ukaja mtandao, wenye mieleka wakafungua wwf.com, wakasahau walichosaini. Mahakama za Uingereza hazikusahau. Leo mnawajua kama WWE. Ukisaini karatasi kuhusu jina lako, ihifadhi, isome tena kila unapofungua mlango mpya wa biashara.

Habari ya karatasi inanipeleka kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hapa mwizi hayupo. Kaka mmoja ana duka la nguo za kiume. Alimwajiri kijana amshughulikie mitandao. Kijana hodari. Alifungua ukurasa kwa laini yake na barua pepe yake, akanunua jina la tovuti kwa jina lake, akachora nembo kwenye kompyuta yake. Wafuasi wakafika elfu arobaini. Wakakosana. Kijana akabadilisha nywila, akaondoka.

Kaka alikuja kwangu anataka kijana afungwe. Nikamwuliza, ukurasa ni wa nani? "Wangu." Umefunguliwa kwa namba ya nani? Kimya. Tovuti imeandikishwa kwa nani? Kimya. Nembo imechorwa na nani, mliandikishiana? Akainamisha kichwa. Nikamwuliza la mwisho: unadaiwa? Akasema, mshahara wa miezi miwili.

Sikuandika barua kali. Niliwaita wote wawili, nikawaagizia chai, tukakaa saa tatu. Mshahara ukalipwa palepale kwa simu. Kijana akakabidhi nywila, akahamisha tovuti, akasaini karatasi moja ya kumwachia mwajiri haki za nembo. Karatasi moja! Ingesainiwa siku ya kwanza ya kazi, wasingekaa miezi miwili hawasalimiani, watu waliokuwa wakila sahani moja. Ukirudi nyumbani leo, angalia ukurasa wako umefunguliwa kwa namba ya nani. Na kama una kijana wa mitandao, mlipe.

Nina moja la mwisho. Cheti hiki nilichokisifu asubuhi nzima kinaweza kutumika vibaya. Kuna mteja aliniletea orodha ya kurasa 11, anataka zote ziondolewe. Tukazipitia moja moja. Saba zilikuwa feki kweli, tukazishughulikia. Tatu zilikuwa za akina dada wanaonunua kwa jumla dukani kwake mwenyewe, wanauza rejareja. Viatu ni halisi, wamelipia, wanasema wazi wamevitoa wapi. Wanamdanganya nani? Ya kumi na moja ilikuwa ya mteja aliyepiga picha soli iliyobanduka baada ya wiki mbili, akaandika kwamba hatanunua tena.

Nilikataa zile nne. Alama ya biashara ipo ili mnunuzi asidanganywe kuhusu bidhaa imetoka kwa nani. Haikuwekwa ili kumfunga mdomo aliyeuziwa kiatu kibovu, wala kumnyang'anya riziki anayeuza mzigo wako halali. Alisema atatafuta wakili mwingine. Nikamwambia ni haki yake, na nikamshauri ampigie yule wa soli. Sijui alipata wakili gani, ila najua alimpigia, kwa sababu yule dada aliandika tena kwamba amebadilishiwa kiatu.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nitakuwa kwenye meza ile ya kushoto, karibu na mlango, mpaka saa nane mchana. Njooni na cheti chenu, au picha yake kwenye simu, tukisome pamoja tuone ni kipi kati ya vile viwili. Walioandaa jina jipya na bado hawajachapisha lebo, nyinyi piteni mbele ya foleni.